Hesabu sefti kabla mpira haujatoka

Anayetazama futiboli ya Marekani kwenye televisheni hunyimwa nusu ya mchezo bila kujua. Kamera kuu hukaa pembeni na kuufuata mpira, na mara nyingi huwakata wale walinzi wawili wa mwisho kabisa, sefti, ambao ndio kotabeki, mrushaji wa mpira, huwaangalia kabla ya mtu mwingine yeyote. Makocha wana picha zao, zinazopigwa kutoka juu na kuwaonyesha wachezaji wote 22. Sisi wengine tuna gemu za video. Madden, gemu ya NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, na mwenzake College Football, ya vyuo, huweka kamera mgongoni kwa kotabeki, na sefti wanaonekana waziwazi. Kwa kazi hii moja ya kusoma ulinzi, gemu inafundisha kuliko matangazo, na ningependa kila anayeanza aitumie hivyo badala ya kubahatisha mpango.

Kila kitu kinatokana na hesabu ndogo. Walinzi ni 11. Kwa kawaida wanne humkimbilia kotabeki, wakabaki saba wa kukaba, na hao saba hugawana mbali na karibu. Mgawanyo huo huitwa kava. Kava 2 ina wawili mbali na watano karibu. Kava 3 ina watatu mbali na wanne karibu, na Kava 4 wanne mbali na watatu karibu. Kwa ukabaji wa eneo, namba inataja walioko mbali tu. Ukiongeza mtu nyuma umepunguza mbele, na hakuna kocha aliyewahi kulikwepa hilo.

Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi moja, karibu mita 49. Uone kama mashamba. Kwenye Kava 2 kila sefti analinda shamba la yadi 26 na ushei. Kwenye Kava 3 kila mmoja wa nyuma ana yadi 18 hivi, na kwenye Kava 4 yadi 13. Mpira haurushwi katikati ya shamba la mtu. Hurushwa mpakani, pale majirani wawili wanapotazamana, kila mmoja akidhani huo ni wa mwenzake.

Hesabu hii isingewezekana kwenye gemu za zamani zote. Tecmo Bowl ilikuwa na wachezaji tisa kila upande, na kwenye toleo lake la Nintendo kila timu ilikuwa na mipango minne tu ya kushambulia. Mlinzi alibahatisha, na akipatia, mpango wako ulikufa palepale. John Madden, aliyekuwa kocha wa Oakland Raiders, alikataa jina lake litumike bila wachezaji 11 kwa 11, ingawa kompyuta za wakati ule zilielemewa. Gemu yake ikatoka mwaka 1988 ikiwa na 11 kamili. Bila ukaidi ule tusingekuwa na cha kuhesabu.

Sasa simama nyuma ya kotabeki wako. Usiangalie wapokeaji, angalia katikati ya uwanja, mbali. Sefti wawili wakiwa sambamba, yadi 10 hadi 14 kutoka kwenye mstari wa kuanzia, fikiria Kava 2 au 4. Mmoja akiwa peke yake katikati na mwenzake ameshuka chini ya yadi nane, fikiria Kava 3, ambapo walinzi wawili wa pembeni nao hurudi nyuma, au Kava 1 ambayo ni mtu kwa mtu. Kama nyuma hakuna mtu, unakuja kushambuliwa na wengi: rusha mapema, tena karibu.

Kutofautisha ukabaji wa eneo na wa mtu kwa mtu, mtembeze mpokeaji mmoja kutoka upande mmoja hadi mwingine kabla mpira haujatoka, yaani haujapitishwa kwa kotabeki. Mlinzi akimfuata hadi ng'ambo, karibu kila mara ni mtu kwa mtu. Wakisogea hatua moja moja tu na kunyoosheana vidole, wanakaba maeneo. Mtazame pia konabeki, mlinzi wa pembeni. Wa eneo hufungua mwili na kumtazama kotabeki, wa mtu kwa mtu macho yake yako kiunoni mwa mpokeaji.

Umeona Kava 2? Mpango ninaoupenda kuliko yote unaitwa Smashi. Mpokeaji wa nje anakimbia yadi tano na kugeuka. Wa ndani anakwenda yadi 12 kisha anakata kuelekea pembe ya uwanja. Hapo unamsoma mtu mmoja tu, konabeki. Yeye analinda pembeni karibu, na nyuma yake hakuna mtu mpaka sefti afike. Kwenye uwanja wa NFL, sefti aliyesimama juu ya alama za ndani, vile vistari vifupi vya katikati, ana zaidi ya yadi 23 hadi mstari wa pembeni. Konabeki akirudi nyuma kumsaidia, mpe wa nje mpira wa haraka na uchukue yadi tano. Akibaki mbele, rusha juu ya kichwa chake, mpira uangukie kama yadi 20 mbele karibu na mstari wa pembeni, ambapo ni mpokeaji wako tu anayeufikia.

Wanaokosea hapa hukosea mkono. Kwenye Madden, kubonyeza kitufe kidogo hutoa mpira wa juu unaopinda, na kukishikilia hutoa mpira mkali wa chini. Mpokeaji wa nje anataka mkali. Anayekwenda pembeni anataka wa juu, na kijiti cha kushoto ukisukume kuelekea mstari wa pembeni. Ukiutuma mkali kwenye pembe, konabeki ataudaka kifuani mwake, maana yuko palepale njiani.

Katikati kati ya sefti wawili nako kuna mpaka, ila kuna timu zinazouziba. Lainibeka wa kati, mlinzi anayesimama kati ya mstari wa mbele na sefti, anarudi mbio nyuma na kuifanya Kava 2 ifanane na watatu. Huo ndio ulinzi ulioitwa Tampa 2, kwa sababu ya Tampa Bay Buccaneers wa Tony Dungy na Monte Kiffin. Ukimwona lainibeka anakupa mgongo, pale alipotoka pamebaki wazi, na mkimbiaji wako akitokeza hapo anapata yadi sita au saba bila kuguswa.

Kava 3 ndiyo inayohitaji subira. Seattle Seahawks walijenga ulinzi wao juu yake, Earl Thomas akilinda shamba la kati, na Februari 2014 wakawachapa Denver Broncos 43 kwa 8 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL. Haikuwa siri. Denver walijua wanachokutana nacho na bado hawakufika mpakani kwa wakati.

Dawa yake ya vitabuni ni Vetiko Nne: wapokeaji wanne wote wanakimbia moja kwa moja mbele, wanne dhidi ya watatu. Wawili wa nje wanawashikilia makonabeki. Wawili wa ndani wanapita nje kidogo ya alama za ndani, na sefti wa kati hawezi kuwa kwa wote wawili. Lakini hapa gemu mbili hizi zinaachana, na wengi hawaelewi kwa nini kitu kinachowatoka vizuri kwenye moja kinawaumiza kwenye nyingine. Kwenye NFL alama za ndani zimeachana futi 18 na inchi 6, yaani yadi sita na kidogo. Kwenye vyuo zimeachana futi 40, zaidi ya yadi 13. Fanya hesabu: wapokeaji wakipita yadi mbili nje ya alama, sefti wa NFL yuko yadi tano tu kutoka kwa kila mmoja, wa chuo yuko karibu yadi tisa. Kwa hiyo kwenye Madden usiurushe ule mpira wima. Usukume kuelekea nje, mbali na sefti, uwe mkali, na uachie mara tu mpokeaji anapolingana bega na lainibeka. Ukingoja awe wazi umeshachelewa.

Upana huohuo wa alama unafanya pande za uwanja wa chuo zisilingane. Mpira ukiwa kwenye alama ya kushoto, kushoto kuna yadi 20 na kulia 33. Shamba la kulia ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Mpokeaji wako mwenye mbio mweke huko.

Ukiona kwenye menyu ya ulinzi neno Sky au Cloud baada ya Kava 3, ni kumbukumbu ya makocha. Sky huanza kwa S, sefti ndiye anayeshuka kulinda pembeni karibu. Cloud huanza kwa C, kama konabeki anavyoandikwa kwa Kiingereza, na yeye ndiye anayebaki mbele. Kuna pia Kava 3 ya kufuatana, ambapo wa karibu humsindikiza mpokeaji wa ndani akienda mbali. Dhidi ya hiyo Vetiko Nne hufa. Usilazimishe, mpe mkimbiaji aliyebaki chini.

Sefti wanakwambia pia lini ukimbie. Ukiwa na mkimbiaji mmoja na taiti endi mmoja, mpokeaji anayesimama mstarini na kuzuia pia, una wazuiaji sita. Sefti wawili wakiwa juu, mara nyingi mbele wanabaki sita pia, kila mmoja ana wake, basi kimbia. Mmoja akishuka wanakuwa saba na mmoja hana wa kumzuia. Wale wanaolalamika kwamba kukimbia hakufanyi kazi kwenye gemu, wengi wanakimbilia saba.

Kosa linaloharibu haya yote ni miguu. Mpira ukitoka, kidole kinavuta kijiti nyuma, kotabeki anarudi yadi 12 au 15. Wazuiaji wa pembeni hujenga kizimba wakitarajia yeye yuko yadi saba hadi tisa. Ukirudi zaidi, umempa adui njia ya kuzunguka nje bila kugusana na mtu. Rudi, simama, na ukibanwa panda mbele. Una sekunde mbili na nusu hadi tatu.

Na walinzi wazuri hudanganya. Kwenye NFL redio iliyo ndani ya kofia ya kotabeki, ambayo kocha huzungumza naye kwayo, hukatwa saa inayohesabu muda wa kuanza mpango ikibakiza sekunde 15, kwa hiyo sefti husubiri hadi sekunde hizo za mwisho ndipo wabadilishe sura. Unachokiona kabla ni dhana. Hatua mbili za kwanza za sefti mmoja baada ya mpira kutoka ndizo jibu: akirudi kuelekea katikati ni Kava 3, akirudi akitanuka nje ni Kava 2.

Fungua uwanja wa mazoezi, chagua Smashi, upande wa ulinzi uwekee Kava 2 mara 10, kisha Kava 3 mara 10. Usirushe mpira hata mara moja. Toa mpira, mtazame sefti wa kulia, taja kava kwa sauti, rudia. Kisha iache gemu ikuchagulie ulinzi: ukitaja sahihi mara nane kati ya 10, ndipo uanze kurusha.