Jujitsu ya Brazili: yasemwayo barazani na yalivyo jamvini

Kijana wa Lamu akisema anajifunza jujitsu ya Brazili, barazani ataulizwa kwanza kama ameshaanza kuvunja matofali. Hakuna matofali. Katika mashindano ya mchezo huu hakuna ngumi wala teke. Ni mieleka: kushikana, kuangushana na kubanana chini mpaka mmoja akubali kushindwa au muda uishe. Asili yake ni judo ya Jigoro Kano, aliyeanzisha shule ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Mitsuyo Maeda, aliyetokea shule hiyo, alifika Brazili mwaka 1914, na mjini Belém ndiko Carlos Gracie, Mbrazili ambaye ukoo wake ndio ulioukuza, alikoupata mchezo huu. Dhana ya matofali haimdhuru mtu. Hizi zinazofuata zinadhuru.

“Mwenye nguvu ndiye mshindi”

Hamali anayeshusha mifuko ya saruji ya kilo 50 gatini ana mikono ya kutisha. Mlaze chali, mtu amkalie kifuani, naye atafanya kile mikono yake ilichozoea: atasukuma juu. Kila akinyoosha mkono anampa mwenzake kiwiko cha kutegua, na misuli ya kusukuma haichukui muda kuchoka. Mbio za sakafuni.

Badala ya kusukuma hufundishwa gadi. Mtu wa pwani anazijua: maji yakitoka, jahazi huwekewa gadi ubavuni lisilale. Mti ule hausukumi chochote. Umesimama mshazari, na uzito unapita ndani yake kushuka mchangani. Mkono hufanya kazi iyo hiyo. Kiwiko kinakunjwa na kubaki karibu na ubavu wako, kigasha kinalazwa nyongani mwa aliye juu. Mfupa unabeba, msuli unapumzika. Kisha humwondoi yeye, unajiondoa wewe: geuka ubavu, kanyaga chini kwa mguu mmoja, rudisha makalio nyuma, na papo hapo ingiza goti katika nafasi iliyofunguka. Anayeanza husahau hilo goti. Anarudisha makalio vizuri sana, halafu nafasi inajifunga tena mbele ya macho yake.

Lakini kusema uzito si kitu nako ni kudanganya watu. Royce Gracie wa ukoo huo huo, mtu wa kilo 80 hivi, alishinda mapambano matatu usiku mmoja katika UFC ya kwanza, mashindano yaliyokutanisha watu wa mitindo mbalimbali ya kupigana, mjini Denver, Novemba 1993, kwa sababu wengi waliokuwapo ulingoni hawakuujua mchezo wa chini. Wawili wakilingana kwa ujuzi, mzito ana faida, na ndiyo maana mashindano yamegawanywa kwa uzito.

“Kabali ni kumnyima mtu pumzi”

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote, na imetokana na ngeta ya vichochoroni: mwizi anakujia kwa nyuma na kukukandamiza koromeo kwa mfupa wa mkono. Inauma, inaweza kuumiza koo vibaya, na kama mbinu ya mchezo ni mbovu.

Kabali ya nyuma haigusi koromeo. Kiungo cha kiwiko kinakaa chini ya kidevu, sawasawa katikati, hivyo mbele ya koo panabaki uwazi. Msuli wa juu ya mkono unabana upande mmoja wa shingo na kigasha upande wa pili, pale inapopita mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo. Kiganja cha mkono huo kinashika msuli wa juu wa mkono wako mwingine, na kiganja cha pili kinakaa nyuma ya kichwa chake. Hapo unaleta viwiko pamoja na kutanua kifua. Huna haja ya kukunja uso.

Ikikaa sawa, mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 au chini yake, na bado anapumua. Kwa hiyo usisubiri kusikia akikoroma, wala usifikiri kwamba kwa kuwa anaongea basi haijashika. Akizimia mwachie saa hiyo hiyo, mlaze chali, muinue miguu. Kwa kawaida huzinduka baada ya sekunde chache. Mazoezi yake ya siku yameishia hapo. Asipozinduka haraka, au akizinduka akawa haelewi alipo, ni hospitali.

“Ukigonga umeaibika”

Kugonga ni ishara ya kukubali kushindwa ili uachiwe: kumpiga mwenzako mara mbili tatu kwa kiganja, au kugonga jamvi, au kutamka kwa sauti kama mikono imebanwa. Siku ya kwanza hufundishwa hilo kabla ya mbinu yoyote. Kwenye kiwiko, maumivu hutangulia na kukuonya. Kwenye kisigino kinachozungushwa, kano za goti zinaweza kuchanika kabla hujasikia maumivu ya maana. Anayesubiri iume amechelewa. Wanaoanza wasizungushane visigino kabisa.

“Mwalimu mzuri ni mwenye mbinu nyingi”

Mwalimu anayeonyesha mbinu sita kwa saa moja anapendeza macho, na kesho yake mwanafunzi hakumbuki hata moja. Chukua mbinu moja na lile linaloifuata. Mfano ni daraja, njia ya kumpindua aliyekukalia. Mkono wake mmoja ubane kifuani pako kwa mikono yako miwili, mmoja kwenye kifundo, mwingine juu ya kiwiko. Mguu wako wa upande huo huo uweke nje ya wake, umfungie unyayo. Vuta visigino karibu na makalio. Inua nyonga juu kabisa kwanza, kisha pinduka kupitia bega la upande uliomfungia. Utatua katikati ya miguu yake, na hilo ndilo la kufuatia: nyoosha mgongo mara moja, usilale juu yake.

Inaposhindikana, mara nyingi ni moja kati ya mawili. Mwanafunzi amebingirika ubavuni bila kuinua nyonga, au mkono hakuufunga, na mwenzake ameutua chini ukawa gadi.

Kwa saa moja, gawa hivi: dakika 10 za kupasha mwili kwa miondoko ya nyonga, 20 za mbinu, 15 za kupambana kuanzia hali hiyo moja tu (aliye juu abaki, aliye chini atoke, dakika 2 kisha wabadilishane), na raundi 3 za dakika 5. Upinzani upande kwa ngazi. Mwanzo mwenzako atulie, kisha aongeze uzito, kisha atafute pa kutua mkono. Mbinu isiyowahi kupingwa bado hujaijua.

“Mchanga wa Shela ni godoro tosha”

Mchanga mbichi ulioshindiliwa na maji ni mgumu kama sakafu. Mkavu nao unameza unyayo: mwili unageuka, mguu umebaki, goti linajikunja. Ufukweni kimbieni na fanyeni miondoko ya nyonga, lakini kuangushana kufanyike kwenye jamvi la povu lenye unene wa sentimita 4.

Na hapa pwani, kwa joto na unyevu huu, jamvi ndilo la kuogopa, maana hueneza choa, ugonjwa wa ngozi. Kuna wanaoamini kwamba kuoga baharini baada ya mazoezi kunatosha. Maji ya chumvi hayaui choa. Oga kwa sabuni, fua koti la mchezo kila baada ya mazoezi na ulianike juani likauke kabisa, usilifunge bichi kwenye mfuko. Jamvi lisuguliwe kwa sabuni, kisha lipakwe maji yenye mililita 20 za dawa ya klorini ya nyumbani kwa kila lita 1, libaki na umaji kwa dakika 1 au zaidi, ndipo lipanguswe. Changanya upya kila siku, maana dawa ya jana imepungua nguvu. Mwenye kiduara chekundu kinachowasha akae pembeni aangalie, hata kama anasema amekifunga kitambaa.