Uwajibikaji wa kijamii na ujumuishi: maana yake kwenye mafunzo ya maendeleo

Uwajibikaji wa kijamii ni utaratibu wa wananchi kufuatilia fedha na huduma zao, kuwahoji wanaozisimamia na kupewa majibu. Usichanganywe na misaada ya kampuni kwa majirani zake, ingawa nayo huitwa uwajibikaji kwa jamii. Mfano unaofundishwa sana ni wa Uganda. Uchunguzi wa matumizi ya mwaka 1991 hadi 1995 ulibaini kuwa, kwa wastani, shule za msingi zilipata asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ikaanza kutangaza mgawo magazetini, kisha ikazitaka shule zibandike kiasi zilichopokea. Mzazi akaweza kumwendea mwalimu mkuu akiwa na hesabu mkononi.

Lakini mzazi yupi? Hapo ndipo ujumuishi unapoingia. Karatasi ya ubaoni haimfai asiyeona wala asiyejua kusoma. Mkutano wa saa nne asubuhi unamkosa mama aliye kwenye foleni ya maji. Ujumuishi ni kupanga mambo tangu mwanzo ukiwa na watu hao akilini.

Kwenye mafunzo mengi ya watu wa miradi, ujumuishi huwekwa kama mada mtambuka, yaani ya kugusa mada zote, lakini huishia kuwa kipindi kimoja, alasiri ya siku ya mwisho, washiriki wakisubiri kusaini posho. Hilo ni kosa. Lilipaswa kuwa ndani ya kila zoezi. Chukua kadi ya alama ya jamii, njia iliyoanzishwa na shirika la CARE nchini Malawi mwaka 2002. Wanakijiji huipa zahanati alama: dawa zipo? Lugha ya wahudumu ikoje? Wote wakikaa pamoja, mzee mwenye sauti akasema "wape nne kati ya tano", nani atambishia? Binti aliyefokewa alipokwenda kuuliza uzazi wa mpango hatalisema hilo mbele ya baba yake. Ndiyo maana makundi hukaa kando, wanawake peke yao, vijana peke yao, wenye ulemavu vilevile. Wahudumu nao hujipima, kisha pande zote hukutana na kukubaliana nani atafanya nini, lini.

Mwezeshaji anayejifunza afundishwe kusoma tofauti hizo. Vijana wakitoa 1 na wazee 4, asikimbilie wastani, maana 2.5 inawafuta wote wawili. Aulize kwa nini. Na mkalimani wa lugha ya alama, pamoja na nauli ya msaidizi wa asiyeona, viingie kwenye bajeti ya mafunzo yenyewe kabla ya fulana na mabango.