"Ujumuishi wa vijana" maana yake nini hasa?

Hili neno siku hizi halikosi kwenye semina, na wengi wanadhani maana yake ni kuwaita vijana wakae viti vya nyuma alafu wapigwe picha. Hapana jamani. Kijana amejumuishwa pale anapokuwa na njia inayojulikana ya kuwa mtu mzima, apate ardhi au kazi, asikilizwe, ahesabike. Sasa ukisoma mabadiliko ya jamii kwa upande wa vijana unauliza ile njia ya zamani imeishia wapi, ipi imekuja, na imemwacha nani.

Tuanzie Rungwe, kule Mbeya. Zamani kwa Wanyakyusa mtoto wa kiume akifika miaka 10 na kidogo anahama kwa baba, anaenda kujenga na wenzake, kijiji kizima rika moja, kula wanarudi kwa mama zao ila kulala ni huko. Wakishaoa na kukomaa inafika siku ya ubusoka, wazee wanawakabidhi ardhi na madaraka wao wanasogea pembeni. Mwanaanthropolojia Monica Wilson alikuja kuyatafiti miaka ya 1930, na wakati huo vijana walishaanza kukimbilia dhahabu ya Chunya, baadae migodi ya Zambia, pesa ikaingia, ardhi ikabana, vile vijiji vikafa taratibu na hakuna kikao kilichokaa kuamua vife. Na wasichana njia hiyo haikuwa yao tangu mwanzo, hilo watu hulisahau sana.

Leo je? Binti katoka Iringa kaenda Dar kuwa dada wa kazi, anatuma hela nyumba ya wazazi inaezekwa bati, lakini siku ya kugawa shamba hata simu hapigiwi. Hela yake imejumuishwa, yeye bado.

Kwenye karatasi milango ipo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 ni ya vijana, na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefika miaka 18. Ila nimeona kijana wa bodaboda, ana mke na watoto wawili, kanyoosha mkono kwenye mkutano akiwa na reflekta yake mwilini, kabla hajafungua mdomo mzee mmoja akauliza kwa sauti: "Huyu mtoto wa nani?"

Akashusha mkono.