Fenibelti ya gari la barabara mbovu: kuichagua kwa saizi, kuikaza kwa kipimo

Dereva anapoleta gari karakanani akisema alteneta, yaani mashine inayochaji betri, imekufa kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, swali la kwanza ninalomwuliza halihusu alteneta. Namwuliza nani aliikaza mara ya mwisho fenibelti, ule mkanda wa mpira unaozungushwa na injini ili kuiendesha alteneta, na alijuaje kwamba imekaza vya kutosha. Jibu huwa lile lile: ilikuwa inalia, fundi akaikaza mpaka ikanyamaza. Kwa maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kufundisha ufundi wa magari, mazoea hayo ya kukaza mpaka kelele iishe yameua alteneta na pampu za maji nyingi kuliko vumbi la Karamoja au matope ya Kisoro huku Uganda. Kwa hiyo makala haya yanawahusu madereva na wasimamizi wa magari yanayofanya kazi nje ya lami, yawe ya vituo vya afya, ya mashamba, ya miradi ya maji au ya askari wa wanyamapori, na hasa Land Cruiser na Hilux za dizeli ambazo bado zinatumia mikanda ya umbo la V inayokazwa kwa mkono.

Mkanda wa V haushiki puli, yaani gurudumu lenye mfereji ambalo mkanda hulizunguka, kwa tumbo lake, bali kwa mbavu zake mbili. Unapovutwa hujikita ndani ya mfereji wa puli kama kabari inavyojikita kwenye gogo, na kwa sababu kuta za mfereji huo zimeinama, mshiko wake hufikia karibu mara 3 ya ule ambao mkanda bapa ungeupata kwa mvuto ule ule. Faida hiyo hupotea yote pale tumbo la mkanda linapogusa sakafu ya mfereji, kwa kuwa kabari iliyofika chini haibani tena. Mkanda mwembamba kuliko mfereji wake utateleza hata ukikazwa mpaka uimbe kama uzi wa adungu, kile kinubi cha Uganda, na mkanda mzuri ukivishwa kwenye puli iliyolika utafanya vivyo hivyo. Kagua puli kwa tochi injini ikiwa imepoa: sakafu ya mfereji iking'aa kama sufuria iliyosuguliwa, ujue mkanda umekuwa ukiigusa. Mkanda uliokaa sawasawa huonekana mgongo wake ukiwa usawa wa ukingo wa puli au umejitokeza kidogo tu juu yake.

Dukani, usinunue kwa kulinganisha na mkanda wa zamani uliouning'iniza kidoleni, kwa sababu huo umeshavutika. Soma maandishi ya mgongoni. AVX13x1025, kwa mfano, ni mkanda wenye meno tumboni, upana wa milimita 13 kwa juu na urefu wa milimita 1025. Herufi La zikifuata namba hiyo, urefu umepimwa kwa nje. Zikifuata Li, umepimwa kwa ndani, na kwa mkanda wa upana huo tofauti ya vipimo hivyo viwili ni karibu milimita 50, ambayo inatosha kabisa kukurudisha dukani. Mkanda ulioandikwa 6PK1230 ni wa jamii nyingine, ule bapa wenye mistari 6 upande wa ndani na urefu wa milimita 1230.

Upo mkanda mmoja ambao vijijini huonekana kama mwokozi, nao ni wa mashine ya kusaga posho. Mkanda wa A44 una upana wa milimita 13 kama ule wa gari, na ile 44 ni urefu wake wa ndani kwa inchi, hivyo mtu anaweza kuupata unaolingana karibu kabisa. Tatizo ni kwamba mikanda mingi ya aina hiyo imevishwa kitambaa na haina meno, kwa kuwa imekusudiwa kuzunguka puli kubwa penye hewa. Ikilazimishwa kupinda kwenye puli ndogo ya alteneta mara nyingi mno kila dakika, kando ya injini yenye joto, hupata moto kutoka ndani na kupasuka mapema. Ikikufikisha mjini, ishukuru na uitoe siku hiyo hiyo.

Ikiwa mkanda umekatika na kupotelea njiani, urefu wake unaweza kupimwa kwa kamba isiyovutika. Sukuma alteneta ndani kabisa kuelekea injini, kisha iache itoke kiasi cha theluthi ya nafasi yake ya kukazia. Zungusha kamba kwenye puli zote ambazo mkanda ulizipitia, ukihakikisha inapita juu kwenye ukingo wa mifereji na wala haizami ndani, halafu uinyooshe na kuipima. Hicho ndicho kipimo cha nje. Mkanda uliochaguliwa vizuri huingia kwa mikono mitupu alteneta ikiwa imesukumwa ndani, na ukishakazwa huacha zaidi ya nusu ya nafasi ya kukazia kwa ajili ya siku za mbele. Ukilazimika kuuchokonoa kwa bisibisi ili uvuke ukingo wa puli, ni mfupi. Hata ukiingia kwa njia hiyo, nyuzi zilizo ndani yake, ambazo ndizo zinazobeba mzigo wote, zinaweza kuwa zimekatika bila alama yoyote kuonekana nje, nao utajipindua kwenye mfereji au kukatika baada ya siku chache.

Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli yenye silinda 6 na lita 4.2, huendesha alteneta kwa mikanda miwili inayokimbia sambamba. Mikanda hiyo hubadilishwa yote kwa pamoja, hata kama mmoja bado unaonekana mzima. Ule wa zamani umeshavutika, kwa hiyo mpya utabeba mzigo wa wawili na hautadumu.

Sasa tuje kwenye mkazo, ambako ndiko makosa mengi hufanyika. Vitabu vingi vya magari hutoa kipimo cha kubonyea: mkanda ukisukumwa katikati ya nafasi kati ya puli mbili kwa nguvu ya kilo 10, unapaswa kubonyea milimita kadhaa, mara nyingi kati ya 8 na 15, na namba kamili ya gari lako imo katika kitabu chake. Fundi hutumia kidole gumba, lakini gumba la fundi wa miaka 50 na la mwanafunzi wa miaka 19 halisukumi kilo zilezile. Mizani ya kuning'iniza, ile ndogo ya ndoano inayopimia samaki au nyama sokoni, hufanya kazi hii vizuri ajabu. Zima injini, toa ufunguo na uiache ipoe. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya puli mbili ili iwe mstari wa kulinganishia, pachika ndoano katikati ya mkanda, uvute kuelekea upande ulio mkabala na rula mpaka mizani isome kilo 10, kisha pima umbali kati ya rula na mgongo wa mkanda. Wanafunzi wetu huicheka mizani hiyo siku ya kwanza. Baada ya kuona jinsi magumba yao yanavyotofautiana, huacha kucheka.

Kukaza kwenyewe ni rahisi. Katika Toyota nyingi spana namba 12 na 14 hutosha: legeza bolti ambayo alteneta inaizungukia, legeza ile ya kufungia, halafu zungusha bolti ndefu ya kurekebishia kidogo kidogo huku ukipima. Kwenye gari lisilo na bolti hiyo, sukuma alteneta kwa gongo la mti lililoegemezwa kwenye sehemu yake nene ya mbele, kamwe si kwenye kifuniko cha nyuma ambacho hupasuka kirahisi. Nilipokuwa kijana nilitumia mtaimbo, nikavuta kwa nguvu zangu zote na kujisifu kwamba mkanda ule hautalegea mpaka gari liuzwe. Haukulegea kweli, lakini wiki tatu baadaye, njiani kwenda Kotido, pampu ya maji ilianza kudondosha maji kupitia kitundu chake cha chini, kwa kuwa mvuto ule ulikuwa umeshaimaliza beringi yake.

Mkanda mpya hukazwa zaidi kidogo kuliko uliotumika, kwa sababu bado haujakaa kwenye mifereji yake. Vitabu vya Toyota huuhesabu mkanda kuwa mpya kwa dakika 5 tu za injini kuunguruma. Zikipita hizo, hupimwa kwa kipimo cha mkanda uliotumika. Kwa hiyo washa injini kwa muda, zima, pima tena, na urudie baada ya siku ya kwanza ya safari.

Kelele nayo haina maana moja tu. Injini ikiwa inaunguruma polepole, simama mbali na feni, nguo na mikono ikiwa salama, unyunyizie maji safi kidogo upande wa ndani wa mkanda. Sauti ikizidi, mkanda unateleza na unahitaji mkazo. Sauti ikipotea kwa muda kisha ikarudi, yaelekea puli hazikupangana kwenye mstari mmoja, na kuukaza mkanda kutaongeza madhara tu. Sabuni ya mche, grisi na mafuta ya breki, ambavyo nimeviona vyote vikipakwa, hunyamazisha sauti kwa saa chache huku vikiharibu mpira. Baada ya kuvuka mto au kupita kwenye matope, suuza mchanga kwa maji matupu yasiyo na presha kubwa.

Magari ya miaka ya karibuni yenye mkanda mmoja mpana huwa na kikazio chenye springi, ambacho hakirekebishwi. Zungusha puli yake kwa mkono mkanda ukiwa umetolewa. Ikikwaruza, vumbi limeshaingia kwenye beringi.

Ukiwa njiani, taa nyekundu ya betri ikiwaka ghafla, simama kabla ya kuangalia mshale wa joto, maana katika injini hizi mkanda unaoendesha alteneta mara nyingi ndio unaoendesha pampu ya maji. Katika baadhi ya injini za dizeli pampu ya vakyumu inayorahisisha breki imefungwa nyuma ya alteneta, hivyo mkanda ukikatika pedali itakuwa nzito baada ya kukanyagwa mara chache. Kwenye miteremko ya Kabale hilo si jambo dogo.

Akiba nzuri ya kubeba ni mikanda ya zamani iliyotolewa ikiwa bado mizima, kwa sababu unajua kwamba inatosha kwenye gari hilo. Funga mipya, iviringishe ya zamani bila kuikunja kwa nguvu, itie ndani ya mfuko chini ya kiti, mbali na jua na maji ya betri, na uweke spana zile mbili humo humo.