Ukiambiwa ndugu yako ana tatizo la haiba, uliza limefika kiwango gani

Watu wakishasikia tatizo la haiba, yaani namna mtu anavyojiona na kuishi na wenzake imekaa vibaya kwa muda mrefu, wanakimbilia jina, eti ni bodalaini (hisia na mahusiano hayatulii), ni nasisisti (anajiona bora kuliko wote), wanaingia gugo usiku kucha wanasoma na kuogopa, sasa sisi wa kitengo cha afya ya akili tunawaambia jina peke yake halikwambii kama huyo mtu anaweza kukaa na kazi au kulea watoto wake.

Mfumo wa majina ndo bado unatumika kwenye DSM-5, kile kitabu cha madaktari wa akili Marekani cha 2013, kina matatizo ya haiba 10 na daktari anahesabu dalili. Za bodalaini zipo 9, ukifikisha 5 unapewa jina, ukiwa na 4 hupewi hata kama hizo 4 zishavunja ndoa na umeshaacha kazi kibao kwa hasira. Na lile la watu wanaotaka kila kitu kinyooke, anayerudia ripoti mpaka muda wa kukabidhi unapita, dalili zipo 8 zinatakiwa 4, yaani watu wawili wanaweza kupewa jina moja na wasifanane hata dalili moja! Kitabu kinataka pia maisha yawe yameathirika, sawa, ila kwa majina hayo 10 hakikupi kipimo cha ukali.

ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika Januari 2022, imegeuza utaratibu huo. Kwanza ukali: mdogo, wa kati au mkubwa. Mdogo, ugomvi upo ila kazi inaenda na marafiki wawili watatu wamebaki, mkubwa karibu kila kitu kimekwama na mara nyingi kuna kujidhuru au kuumiza wengine. Tabia zenyewe (kujitenga, kutojizuia, kutojali wenzio n.k.) zinakuja baadae, na jina lililobakizwa ni la bodalaini tu, tena kama nyongeza. Na kama shida inatokea sehemu fulani tu, tuseme kila ukienda ukweni, hapo hawakuiti mgonjwa, binafsi naona hicho ndo kitu kizuri kuliko vyote humo.

Kwahiyo ukija kliniki tukakuuliza kodi nani analipa, mara ya mwisho kugombana na bosi ilikuwaje, hali hii ina zaidi ya miaka miwili au imeanza juzi baada ya msiba, usione ni umbea. Na tukiomba kuongea na mke au dada anayekaa nae mkubali tu, maana wapo wanaong'aa ofisini lakini nyumbani hakukaliki.