Je, wajua kwa nini mtu akikatwa neva ya mguu anaondoka anatembea?

Shemeji yangu alipoambiwa atafanyiwa biopsi ya neva, yaani akatwe kipande cha mshipa wa fahamu kikapimwe maabara ijulikane kwa nini miguu inamuwaka moto kila usiku, mimi ndo nilikuwa wa kwanza kumkataza. Nikamwambia shem usikubali, wakikata neva mguu umelala huo. Kichwani kwangu neva ilikuwa waya wa umeme, kata waya taa inazima, kwisha habari. Hakunisikiliza. Akatoka na bandeji karibu na kifundo cha mguu, anachechemea sababu ya kidonda tu, vidole vyote anavichezesha, nikabaki na aibu yangu nikaanza kusoma.

Kumbe neva si waya mmoja, ni fungu la maelfu ya nyuzi nyembamba, na kila uzi una njia yake ya kwenda. Kuna zinazoteremsha amri kwenye misuli, kuna zinazopandisha habari kutoka kwenye ngozi, na neva nyingi zimebeba zote mbili. Ila hii wanayoipenda madaktari, inaitwa surali, inapita nyuma ya kile kifupa kilichotokeza upande wa nje wa kifundo na karibu yote ni ya kupandisha habari tu, za ukingo wa nje wa mguu mpaka kidole kidogo. Amri za kukunja na kunyoosha mguu zinapita kwingine kabisa. Kwa hiyo ukiikata hujazima mashine, umemnyamazisha mpiga ripoti mmoja. Ndiyo maana hata ikitakiwa kuungwa neva iliyokatika sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi wapasuaji wanakuja kuazima hii hii (kuazima kwa maana ya kutorudisha).

Biopsi ya msuli ni hadithi nyingine, kwa ufupi tu: ganzi inawekwa kwenye ngozi na juu ya msuli, haichomwi ndani ya kipande kinachochukuliwa kwa sababu itakiharibu, ndo maana wengi wanasema walisikia kama wanavutwa au wamebanwa na mkazo wa ghafla.

Shem naye alipata lake. Ganzi ilikuwa imeshika vizuri, ila sekunde ile neva inakatwa shoti ikampiga kwenye kidole kidogo, wakati mkasi uko huku juu! Ubongo haujui uzi umeguswa wapi njiani, unajua tu uzi huo unaanzia wapi, basi lawama zote zikaenda kidoleni.

Sasa kituko chenyewe. Baada ya wiki kadhaa pembeni ya mguu pakabaki pamekufa ganzi, akachukua peni akachora mpaka wake, na kila mwezi anachora upya. Eneo likawa linapungua. Nikasema si unaona, neva imeota tena, na hapo nikakosea mara ya pili. Ni kweli uzi wa neva unaweza kuota, kama milimita 1 kwa siku mambo yakienda vizuri, ila hapa zimeondolewa sentimita kadhaa, daraja halipo, na nyuzi zikikosa pa kupita zinaweza kujikunja zikafanya kinundu kinachouma ukikigusa. Halafu zingekuwa zimeota, hisia ingerudi kuanzia juu kushuka kidoleni. Mpaka wa shem ulikuwa unasogea kutoka kingoni kuingia ndani.

Ni majirani hao. Fikiria kiwanja ambacho mwenyewe kahama, mimea inayotambaa ya viwanja vya pembeni inaanza kupenyeza vikonyo taratibu, haikuombwa na mtu, imefuata mbolea. Na mbolea ipo kweli: ngozi inatengeneza kitu kinachokuza nyuzi za neva, na kazi ya kukigundua kitu hicho ilichangia kuwapa wanasayansi Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwenye kiwanja akiwepo anaitumia, akiondoka inajaa haina mlaji, neva za jirani zinainusa na kuchipua kuelekea huko.

Hapa niseme polepole, maana mengi ya hii mbolea yamepimwa kwa panya, na kwao nyuzi za maumivu ndizo zinatambaa vizuri, za mguso mwepesi ni wavivu. Na jirani akiwa mgonjwa naye, kama neva zimeshaliwa na kisukari, hatambai kwa kasi ile. Wapo pia wanaobaki na maumivu au kuwashwawashwa muda mrefu, na wapo ambao kipande kinapimwa na jibu halipatikani, kwa hiyo swali la kumuuliza daktari kabla ni moja tu, majibu yatabadilisha dawa au hayabadilishi?

Mchoro wa shem sasa hivi umebaki kama sarafu chini ya kifundo. Ukimgusa hapo pembeni kwa pamba hasikii kitu, ukimchoma na ncha ya peni anakutukana.