"Plagiarism": neno lililoanza kwa mtekaji wa watu

Msimu wa kuwasilisha tasnifu umefika, na utetezi tunaousikia dirishani ni ule ule: "Nimenakili tu, sijaiba." Maktaba inawaomba wanafunzi walijue vizuri neno "plagiarism", ambalo sisi tunaliita wizi wa kitaaluma.

Katika Kilatini, plagiarius hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa mtekaji: huiba mtoto au mtumwa wa mtu, au humtia utumwani aliye huru. Sheria ya Fabia ya Roma ilimtoza faini. Baadaye wengi wao walipelekwa migodini. Ikaja karne ya 1, mshairi Martial akawa na mtu anayesoma mashairi yake hadharani na kujiita bwana wa mashairi hayo. Akamwomba rafiki yake, Quintianus, ayadhamini: sema ni yangu, na nimekwisha kuyaacha huru, ukipaza sauti mara tatu, mara nne, utamtia aibu plagiarius huyo. Mashairi kwake yalikuwa watu waliotekwa. Mwaka 1601 mwandishi wa tamthilia Mwingereza Ben Jonson akalitumia neno hilo katika Kiingereza kwa umbo la "plagiary", na "plagiarism" likafuata karne hiyo hiyo.

Kwa hiyo kosa si kunakili. Nakili, weka alama za kunukuu, mtaje mwenyewe na ukurasa. Kubadilisha maneno mawili matatu ni kumvisha nguo mpya mtoto uliyemwiba. Na jamani, "mwandishi alikufa zamani, hakimiliki imekwisha" si jibu. Hakimiliki ni suala la sheria. Hapa tunauliza nani aliyefikiri.

Niliwahi kusoma tasnifu ya sura tano iliyoniambia "rejea sura ya saba". Sentensi ile ilikuwa bado inaitaja nyumba ilikotolewa.

Utaratibu: leta faili moja linalosomeka kwa kompyuta, si picha za kurasa zilizoskaniwa. Ripoti ya mfanano, inayoonyesha asilimia ya maneno yako yanayofanana na maandishi mengine, itatolewa, msimamizi ataisoma na kuisaini, nawe utaiambatanisha na fomu ya uwasilishaji. Asilimia ndogo pekee haikusafishi: aya moja isiyo na mwenyewe inatosha kufungua shauri. Shauri huanzia idarani, kisha kamati ya nidhamu, na mhusika huitwa kwa barua ajieleze. Adhabu ni kuandika upya, kusimamishwa masomo, au kufutwa kwa shahada, hata kama ulikwisha kuhitimu na cheti kiko ukutani.

Fomu zinapatikana dawati la marejeo, siku za kazi.